Somo: Kulea Mbwa Mdogo

Ndugu wanafunzi, Mezali 12:10 inatufundisha kuangalia uzima wa nyama zetu. Basi tushike haya:

1. Mbwa mdogo asitengwe na mama yake mbele ya majuma 8.

2. Ukimwita na akija, umpe kipande cha bugali palepale. Ukikawia, hajui sababu. Wote tutumie neno moja tu: «Kuya!»

3. Akikojoa ndani, hapana kumpiga. Umtoshe inje kila akiisha kula na kila akiamuka.

4. Akifika miezi 3, munganga wa nyama amdunge sindano ya kuzuia kichaa.

5. Akikuuma, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, kisha kimbia dispansari siku ileile. Kichaa kikiisha kuonekana, dawa haiponyeshi tena. Usifiche kwa kuogopa azabu!