TUCHAGUE TRIPLEKSI NZURI

Wote mnalijua kabati la vitabu vya kuimbia. Mwaka jana tulilitengeneza kwa michango yetu. Mvua ilipozidi, mgongo wake ulivimba na kufunguka kama kitabu kilicholoana. Fundi hakukosea. Sisi tuliokwenda kununua ndio tulikosea: tuliuliza bei tu. Sasa tunataka kulitengeneza tena, basi tujifunze kwanza.

TRIPLEKSI NI NINI?

Ni mbao nyembamba sana zilizobanduliwa kwenye gogo na kushikamanishwa kwa gundi. Nyuzi za kila tabaka zinakata zile za tabaka linalofuata, kama msalaba. Ubao wa kawaida unavimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Katika tripleksi kila tabaka linazuia lingine. Matabaka yanakuwa 3, 5 au 7, ili pande mbili zivutane sawasawa. Usawa huo ukikosekana, inapinda.

DUKANI TUFANYE NINI?

1. Tutazame ukingo, siyo uso tu. Uso unaweza kung'aa na ndani kuna mianya.
2. Tuinue na kutazama kwa jicho moja. Ikiwa imepinda, tuiache.
3. Tugonge kwa kidole kila mahali. Sauti ikibadilika na kulia kama ngoma, pale gundi haikushika.
4. Tupime. Tripleksi nzima kwa kawaida iko sentimita 122 kwa 244. Unene vilevile tupime, tusiambiwe.
5. Tutafute vitundu na unga: ni kazi ya dudu.
6. Tuombe kipande, tukichemshe saa moja. Gundi ya vitu vya ndani inaachia. Ile inayovumilia maji, mara nyingi nyeusi au kahawia, inashika. Tulichemsha kipande cha lile kabati: kilifunguka mbele maharagwe hayajaiva!

TUKISHANUNUA

Tripleksi inafika hapa Salamabila kutoka mbali, na hata iliyo nzuri inaweza kuloana njiani. Tuilaze juu ya vijiti, tusiiegemeze ukutani. Miguu na fremu tutumie mbao za muvula au libuyu zilizokauka. Tripleksi ibaki kwa mgongo na milango. Kingo zote tupake vernisi, kwa sababu ukingo ndio mdomo unaokunywa maji.

Ndugu, Bwana Yesu mwenyewe aliitwa seremala. Na franka zile zinatoka kwa wazazi wanaolima na wanaochimba dhahabu. Tukizipoteza mara ya pili, tutawaambia nini? Jumamosi tutakwenda ku duka pamoja. Kila darasa litoe mtu moja, aje na mita. Tusiende tena na masikio tu. Twende na macho.