Mtazame Farasi Kwanza: Maswali na Majibu kwa Mtazamaji wa Mafunzo ya Dresaji

Ujerumani, Uholanzi na Uingereza, mtu hujifunza mengi kuhusu dresaji, yaani sanaa ya kumfundisha farasi kufanya mazoezi kwa kufuata ishara za mpandaji, bila kumiliki farasi. Kocha hualikwa, wapandaji huingia uwanjani mmoja baada ya mwingine, kwa kawaida kwa dakika 45 hivi, na watazamaji hulipa kiingilio wakaketi pembeni kusikiliza. Haya ni maswali ya wanaokwenda kwa mara ya kwanza.

Swali: Mafunzo haya yanatofautianaje na mashindano?

Jibu: Mashindanoni mpandaji huonyesha anachokijua, na majaji humpa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila zoezi. Mafunzoni huja na lile linalomshinda. Utaona zoezi moja likirudiwa tena na tena. Usichoke, maana hapo ndipo penye elimu.

Swali: Herufi zilizo pembezoni mwa uwanja ni za nini?

Jibu: Huonyesha mahali pa kuanzia na kumalizia zoezi. Uwanja kamili ni mita 20 kwa 60, na mdogo ni mita 20 kwa 40. Farasi huingilia A, na jaji mkuu hukaa C. X ni katikati kabisa, wala haina kibao. Ukikaa upande mfupi utaona kama farasi amenyooka; ukikaa upande mrefu utaona vizuri urefu wa hatua zake.

Swali: Nianze kutazama nini?

Jibu: Farasi, kabla ya mpandaji. Sikiliza kwato: akitembea zinapiga mapigo manne, akikimbia polepole mawili, akienda shoti ya taratibu matatu. Wajerumani wamepanga mafunzo kwa ngazi sita: mdundo, utulivu wa mwili, mgusano mwepesi na lijamu, msukumo wa miguu ya nyuma, kunyooka, na mwisho kujikusanya, yaani kubeba uzito zaidi kwa miguu ya nyuma. Mdundo ukiharibika, kocha mzuri halazimishi zoezi gumu. Humrudisha farasi kwenye jepesi.

Swali: Nitajuaje kama farasi yuko sawa?

Jibu: Subiri kocha aseme hatamu zilegezwe. Farasi aliyefundishwa vizuri hushusha shingo polepole, akaifuata lijamu mbele na chini, mgongo ukapanda, na mara nyingi akapumua kwa nguvu puani. Asiye sawa hunyakua hatamu ghafla au hubaki amekakamaa. Mkia unaopigapiga bila kukoma, mdomo uliopanuka na kidevu kilichovutwa hadi kifuani ni dalili mbaya. Tazama pia mkanda wa puani: ukibana kiasi kwamba hauruhusu vidole viwili kupita juu ya mfupa wa pua, farasi hawezi kulegeza taya.

Swali: Adabu za mtazamaji ni zipi?

Jibu: Usifungue mlango wa uwanja kabla ya kuruhusiwa. Zima mlio wa simu na taa ya kamera, na usikunjue mwavuli wala koti karibu na farasi, kwani hushtuka upesi na anayeumia ni mpandaji. Swali lako liweke mpaka kocha awakaribishe watazamaji kuuliza.

Swali: Kuna mahali maarufu pa kuanzia?

Jibu: Vienna, Austria, kwenye shule ya upandaji farasi iitwayo Spanische Hofreitschule, ambayo kumbukumbu zake zinaanzia karne ya 16. Huuza tiketi za kutazama mazoezi ya asubuhi ya farasi dume wa aina ya Lipizzaner, yanayofanywa kwa muziki.

Swali: Nimpimeje kocha?

Jibu: Mlinganishe farasi alivyoingia na anavyotoka. Akitoka ametulia, hatua zake ni ndefu na mpandaji ameelewa cha kufanyia kazi nyumbani, kiingilio chako kimekwenda pazuri. Akitoka ameloa jasho, amekakamaa na ana hofu, usirudi kwa kocha huyo, hata awe na medali ngapi.