Gesi ya Kupikia: Mbona Kwingine Inakataliwa na Kenya Inahimizwa?

Mkazi anayehimizwa kuacha kuni na kununua mtungi wa gesi huenda akashangaa kusikia kwamba huko Marekani wapo wanaotaka majiko ya gesi yaondolewe majumbani. Je, gesi ni salama? Jibu linategemea imechukua nafasi ya nini.

Julai 2019, Berkeley katika jimbo la California ulikuwa mji wa kwanza Marekani kupiga marufuku mabomba ya gesi katika majengo mapya. Wenye mikahawa walienda kortini, na mwaka wa 2023 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi. Wanaopinga gesi husema inaongeza joto duniani, na kwamba inapowaka hutoa naitrojeni dayoksaidi, hewa inayowasha mapafu na kuzidisha pumu kwa watoto. Wanaoitetea hutaja gharama na uhuru wa kuchagua. Huko, anayeacha gesi huhamia umeme.

Nchini Kenya, familia nyingi bado hupikia kuni na makaa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Gesi haina moshi kama huo. Mwaka wa 2023, serikali ya kitaifa iliondoa ushuru wa VAT kwa gesi ya kupikia.

Hata hivyo, hoja ya Wamarekani ina funzo: gesi ni safi kuliko kuni, lakini si safi kabisa. Anayeitumia azingatie haya:

• Afungue dirisha kila anapopika.
• Asitumie jiko la gesi kupasha nyumba joto.
• Mtungi usimame wima, mbali na moto.
• Akisikia harufu ya gesi, afunge mtungi na kufungua milango. Asiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya stima. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni.

Aliye na stima anaweza kuchemsha githeri kwa sufuria ya presha ya umeme. Umeme mwingi wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Kwa familia inayopikia kuni, hatua ya kwanza ni ileile: kumtoa mtoto kwenye moshi.