MRIJA MMOJA, CHUNGU KIMOJA

Kijana, simama kidogo! Usiitupe karatasi hii.

Waulize wazee wa Tukuyu habari za kilabu cha kimpumu. Watatabasamu. Pombe ya ulezi, chungu kimoja katikati, maji ya moto yanaongezwa, mrija unapokezanwa. Saa zinapita, stori zinanoga, waliogombana wanapatanishwa.

Je, kilichowavuta ni ulevi tu? Hapana! Wanyakyusa wana neno: ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1930, aliliona jambo hilo kubwa, hata kitabu chake cha 1951 akakiita Good Company.

Tusidanganyane: hata chungu kile kilimeza hela za ada, na wake walilia. Lakini mtu hakunywa peke yake.

Halafu ikaja bia ya chupa: kila mtu na yake. Vikaja viroba: unang'ata, unameza, dakika moja kwisha! Tarehe 1 Machi 2017 serikali ikavipiga marufuku. Ilikuwa vema. Lakini marufuku huondoa kiroba tu. Haimrudishi mtu kwenye duara la wenzake.

Jiulize leo:
1. Ninafuata kinywaji, au ninakimbia upweke?
2. Hela ikiisha, nani atabaki mezani?

Rafiki, pombe inauzwa, mwenzako hauzwi. Kabla jua halijazama, mtafute mmoja, mkae, mzungumze. Chai ya Rungwe inatosha!