Jifunze Kufuma: Nakshi Yako Mwenyewe Kwenye Sweta ya Vifungo

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya milima ya Mbooni na Kilungu huwafanya wengi watafute sweta. Mfumaji anayeuza sweta ya rangi moja hushindana na mitumba kwa bei, na mara nyingi hulemewa. Sweta yenye nakshi aliyoibuni mwenyewe haipatikani kwenye robota lolote. Mahali pa kuanzia pako nyumbani: mistari na pembe za kyondo, ambazo akina mama wa Ukambani wamezisuka kwa katani vizazi na vizazi.

1. Chora. Tumia karatasi ya grafu. Mraba mmoja ni kitanzi kimoja. Anza na rangi mbili na nakshi ya vitanzi 12 kwa upana. Kitanzi huwa kipana kuliko kimo chake, hivyo nakshi hutoka fupi kuliko mchoro. Ongeza mstari mmoja au miwili.

2. Pima. Fuma kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15 kwa rangi zote mbili. Kioshe, kikauke, kisha uhesabu vitanzi katika sentimita 10 za katikati.

3. Piga hesabu. Tuseme umepata vitanzi 20, na kifua ni sentimita 100. Hivyo ni vitanzi 200. Ukigawanya kwa 12 unapata nakshi 16 na vinabaki 8. Usiikate nakshi. Anza na vitanzi 204, yaani nakshi 17 kamili. Sweta itapanuka kwa sentimita 2 tu. Ikiwa nusu mbili za nakshi zinafanana, ongeza kitanzi kimoja cha kurudia mwanzo wake, ili pande za mbele zilingane kwenye vifungo.

4. Fuma. Mwili wote hufumwa kipande kimoja hadi kwapani. Upande wa nje, soma mchoro kutoka kulia. Ukigeuza kazi, soma kutoka kushoto. Uzi usiotumika hupita nyuma. Usiuvute, sweta itajikunja. Ukivuka vitanzi 5, uzungushe na mwenzake ili vidole visinase ndani ya mikono ya sweta.

Nakshi ni mali. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, muundo mpya wa bidhaa unaweza kusajiliwa na taasisi ya KIPI kwa miaka 5, na kuongezwa mara mbili hadi miaka 15. Ni heri kuomba kabla ya kuuonyesha sokoni au mitandaoni, kwa sababu kinachosajiliwa lazima kiwe kipya.

Nakshi za kale za kyondo, kwa upande mwingine, ni za jamii nzima. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazitaka serikali za kaunti kuweka rejista yake. Kwa hivyo jifunze kutoka kwa kyondo cha nyanya, kisha ubuni chako, na uhifadhi mchoro wa kwanza ukiwa na tarehe.