SOMO LA UFUNDI: NGUVU YA KIUNGO HAIPIMWI KWA MACHO



Katika karakana zetu za Gitega na Muyinga tunaunga chuma kila siku: milango, madirisha, keria za baiskeli. Leo tutazame kiungo cha titani, metali ya injini za ndege, kwa maana kina funzo kwetu sote.

Titani iliyochanganywa na alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4 huweza kuungwa bila kuyeyushwa. Vipande viwili husafishwa, hubanwa pamoja ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, kisha hupashwa moto wa nyuzi 900 hadi 950 za Selsiasi kwa saa moja au zaidi. Metali hiyo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 1,600.

Hutokea nini? Uso wa metali, hata ukipigwa msasa, una vilima na mabonde kama nchi yetu. Mbano hulaza vilima. Kisha atomu, yaani chembe ndogo kabisa za metali, huhama toka kipande hiki kwenda kile na kujaza mabonde. Utando wa oksijeni ulio juu ya titani humezwa na titani yenyewe. Chuma hakina bahati hiyo; ndiyo sababu mhunzi aungaye chuma kwa nyundo hunyunyiza mchanga ili kuyeyusha ukoko.

Je, kiungo hicho kina nguvu gani? Kikifanywa vizuri, nguvu yake ya kuvutwa hulingana na ya metali yenyewe, takriban kilo 9,000 kwa kila sentimeta ya mraba. Lakini tujihadhari! Kikibaki na vitundu visivyoonekana kwa macho, chaweza bado kufaulu kipimo cha kuvutwa. Kikigongwa ghafula, au kikitikiswa mara maelfu, ufa huanzia kwenye vitundu hivyo.

Na keria zetu ni hivyohivyo. Kuning'iniza mzigo mara moja si ushahidi. Mwenye baiskeli atateremka milima ya Karuzi na mikungu ya ndizi, na kila shimo la njia litatikisa kiungo. Kikikatika mteremkoni, ni maisha ya mtu.

Kwa hiyo tusafishe kutu na rangi kabla ya kuunga. Tuunge kipande cha majaribio kwa chuma kilekile, tukikunje huku na huku mpaka kivunjike, tutazame ndani. Tukiona vitundu au sehemu ambazo hazikushikana, tubadili namna yetu ya kazi.

Swali la kujadiliana: katika karakana yenu, ni lini mlivunja kiungo chenu wenyewe ili kukipima?