Mkongwe Akija Jukwaani Kwenu

Barua ya safari hii imetoka kwa kikundi cha vijana watano wanaofanya vichekesho vya papo kwa papo, vile visivyo na mswada: hadhira inarusha neno, wao wanaingia nalo. Mwezi ujao mchekeshaji mkongwe, mtu waliyekua wakimtazama kwenye televisheni ya jirani, atapanda nao jukwaani kwa usiku mmoja. Tangu akubali, mazoezi yamegeuka kikao cha mashabiki. Mmoja halali. Wawili wamenuniana juu ya nani atasimama naye kwanza. Wa nne anataka mzee aachiwe saa nzima, wao wakae pembeni wapige makofi. Wa tano ndiye aliyeniandikia, anauliza: "Dada, tufanyeje tusijiaibishe?"

Nianze na huyo wa nne, maana wazo lake linaonekana la heshima kuliko yote na ndilo baya kuliko yote. Mzee wa watu amepigiwa makofi miaka nenda rudi. Kama makofi ndiyo aliyoyataka, angeandaa onyesho lake mwenyewe na kulipwa vizuri kuliko hapo kwenu. Amekuja kucheza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi hamna siku tatu, mna saa moja na nusu, kwa hiyo jembe lake liwe tayari dakika ya kwanza.

Tena jembe lenyewe si lazima liwe kubwa. Mwaka 1964 huko Marekani, mtangazaji Jack Paar alimkabidhi mgeni wake, Jonathan Winters, kijiti. Kijiti tu. Kwa dakika kama nne Winters alikigeuza fimbo ya kuvulia samaki, kikawa kasia, kikawa fimbo ya gofu, na kila kilipogeuka naye aligeuka mtu mwingine. Watu wanamsifu Winters kwa usiku ule, na ni haki yake. Mimi namsifu Paar pia. Alitoa kitu kidogo, akampisha.

Sasa kaeni vizuri, maana Winters ndiye hasa ninayetaka kuwasimulia. Robin Williams, yule mchekeshaji ambaye ulimi wake ulikuwa haushikiki, alikuwa shabiki wake tangu utotoni. Winters alipofariki Aprili 2013, Williams alieleza jinsi baba yake, mtu mkavu asiyecheka ovyo, alivyoangua kicheko siku moja akimtazama Winters kwenye televisheni. Fikirieni mtoto anayemwona mtu mmoja ndani ya kisanduku akimfanya baba yake acheke! Mtoto huyo akakua, akapata kipindi chake, Mork & Mindy, kilichoanza 1978, akiigiza kiumbe aliyetoka sayari nyingine. Mwaka 1981 Winters akaja kujiunga nao.

Mnadhani Williams alikaa pembeni akapiga makofi? Katika sayari ya Mork watu huzaliwa wazee wakaendelea kuwa vijana, kwa hiyo Winters, aliyemzidi Williams miaka 25, alipewa nafasi ya mtoto mchanga aliyetoka kwenye yai. Baba ni Williams. Shujaa wake amevaa nguo za kitoto, na yeye anamlea. Mapenzi ya shabiki yalikuwepo pale, tena mengi, lakini yalivalishwa kazi ya kufanya.

Na hapa ndipo naliona tatizo lenu, kwa sababu sisi tuna shikamoo. Mtu uliyemwamkia kwa heshima saa kumi na moja, utamfokeaje saa mbili usiku mbele ya watu kwamba amechelewa kurudisha chenji ya sukari? Najua ulimi unakuwa mzito. Keith Johnstone, mwalimu wa maigizo aliyetoka Uingereza akaenda kufundishia Kanada, aliligusa jambo hili katika kitabu chake Impro cha 1979: kwenye igizo hadhi nayo inachezwa, inapandishwa na kushushwa, na vichekesho vingi vinatoka kwenye huko kupanda na kushuka. Mkimwacha mzee juu usiku kucha, mmemnyima nusu ya mchezo. Hawezi kuanguka, na mchekeshaji asiyeweza kuanguka ana nini tena?

Basi shikamoo zote ziishie nyuma ya pazia. Zitoeni kwa ukamilifu, hata kwa kupiga goti kama ndivyo mlivyolelewa, kisha mwambieni wazi: "Mzee, tukipanda pale tunaomba ruhusa ya utani." Hatakosa kuelewa. Babu na mjukuu wametaniana katika makabila yetu tangu zamani, na hakuna aliyesema mjukuu hana adabu. Kuna mpaka, bila shaka. Ndoa yake, ugonjwa wake, yule mwenzake waliyegombana: hivyo si vya kwenu. Mcheze na mtu anayemwigiza, mwenyewe mwacheni.

Sheria ya kwanza ya kazi yenu mnaijua: mwenzako akileta kitu, kikubali, kisha ongeza chako. Shabiki hufanya nusu ya kwanza tu. Mzee akisema, "Daktari, mguu wangu umeanza kuongea," shabiki anacheka na igizo linafia hapo hapo. Mchezaji anauliza mguu umesema nini, unatumia lugha gani, na kwa nini wa kushoto ndio pekee wenye malalamiko.

Kama mnataka kuona inavyofanyika, tafuteni kipindi cha mwaka 2000 cha Whose Line Is It Anyway? ya Marekani ambamo Williams mwenyewe, sasa naye akiwa mkongwe, alikuja kama mgeni. Kipindi kile kilikuwa na viti vinne. Wenyeji watatu, Wayne Brady, Colin Mochrie na Ryan Stiles, walikaa kwenye viti vyao, naye akapewa cha nne, kile kile ambacho wageni wengine walikalia. Mwendeshaji, Drew Carey, akagawa pointi zake za uongo kama kawaida. Hakuna kiti cha enzi kilicholetwa. Hilo peke yake linafundisha kuliko mimi.

Inawezekana mzee wenu ni bingwa wa kuandaa vichekesho nyumbani lakini hajazoea kubuni papo hapo. Wapo wengi, na si aibu. Msimburuze. Wale wa Upright Citizens Brigade, kikundi cha Marekani cha mchekeshaji Amy Poehler na wenzake, wana onyesho liitwalo ASSSSCAT ambalo mgeni husimulia visa vya kweli vya maisha yake, kisha wachezaji wanajenga maigizo kutokana na visa hivyo. Mgeni anabaki na kiti na maiki, nyinyi mnatoka jasho. Muulizeni mapema anapenda lipi.

Asiyelala: mdogo wangu, woga wako ni wa kawaida, ila acha kutazama video zake usiku wa manane. Unajijaza vichekesho vyake, na siku ya siku utamrudishia vya kwake mwenyewe. Walionuniana: pigeni sarafu, yaishe leo.

Kuna jambo moja ambalo halikusemwa kwenye barua lakini nimelisoma katikati ya mistari. Mnatumaini ugeni huu utawatoa. Ukumbi utajaa, simu zitaanza kuita. Utajaa kweli, sikatai. Lakini Mork & Mindy, pamoja na Williams, pamoja na Winters, ilifutwa 1982, msimu ule ule aliojiunga nao. Wachekeshaji wawili wa ajabu pamoja, na bado wakuu wa televisheni wakafunga duka. Kwa hiyo pangeni na onyesho la wiki inayofuata, lile lisilo na mzee, na tiketi zake zianze kuuzwa mlangoni usiku ule ule.

Nauli yake mmeipanga? Na chakula? Mtu mzima hasubirishwi korido bila maji ya kunywa. Akishashuka jukwaani, picha ya pamoja ni moja, ya kikundi kizima, halafu mwacheni akae. Mkitaka kumuuliza kitu, msimuulize alianzaje. Ameshaulizwa hilo na kila mwandishi. Muulizeni kuhusu dakika fulani ya usiku ule, kwa nini alinyamaza pale au kwa nini alitoka mapema, na mtaona atakavyochangamka.

La mwisho ni kurekodi. Muombeni ruhusa mapema, kabla ya siku yenyewe, kwa sababu papo kwa papo mtu anaweza kusema jambo lililochekesha ukumbini likaleta kesi mtandaoni asubuhi. Akikataa, watangazieni watazamaji mlangoni wanapokata tiketi, si katikati ya onyesho.